Chakula Kizuri Kikija kwa Ghafla Huua



Katika gazeti hili husomwa mambo makubwa: bei ya maziwa, mbegu za mahindi, mbolea, magonjwa ya ng'ombe. Mimi leo nataka kusema juu ya jambo dogo, nalo ni chakula cha sungura. Wala sisemi juu ya sungura mia wa mtu afugaye kwa biashara. Nasema juu ya wale wawili watatu ambao mtoto wako amewaweka nyuma ya jikoni, akawapa majina, na kuwakatia majani kila jioni atokapo shule. Najua wako watakaocheka na kusema karani huyu amekosa la kuandika. Wacheke, si neno, lakini wasome mpaka mwisho. Katika jambo hili dogo mimi mwenyewe nilifanya kosa kubwa, na kosa hilo naliona likifanywa katika maboma mengi ya skimu yetu.

Mimi ni karani katika afisi ya kilimo. Kabla ya ukarani nilisomea ualimu. Kila siku mikononi mwangu hupita karatasi zinazoeleza namna ya kulisha ng'ombe, mbuzi, kuku na sungura. Mimi huzipanga, huzipiga mhuri, na kuzituma ziendako. Lakini kupitisha karatasi mkononi si sawa na kuyaweka maneno yake kichwani, na hilo nalikubali mbele yenu nyote.

YALIYOTOKEA KWANGU

Binti yangu ana miaka 11. Mjomba wake alimpa sungura jike mmoja, naye akamtunza vizuri mno. Asubuhi alimbadilishia maji. Jioni alimletea nyasi, majani ya viazi vitamu, na yale magugu tunayoyaita kishona nguo, ambayo hutusumbua shambani lakini sungura huyapenda sana. Majani yakiwa na umande aliyatandaza kivulini mpaka yakanyauka kidogo. Tena alikuwa na daftari. Humo aliandika siku aliyompandisha jike, siku jike alipozaa, na kila alichomlisha. Jike alizaa watoto 8, na wote wakakua, wakafika wiki 6.

Mwisho wa mwezi mmoja nilipata mshahara, nikapita dukani mjini, nikanunua gunia la chakula cha sungura cha punje, kile ambacho wengi hukiita peleti. Nilirudi nyumbani nikijiona mtu wa maendeleo. Siku hiyo hiyo, Jumamosi, niliwatenga watoto wa sungura na mama yao, nikawatia katika kibanda kipya nilichokuwa nimekigonga misumari mwenyewe, nikatoa majani yote nje, nikajaza chombo peleti mpaka juu. Nikasema, "Kuanzia leo hawa watakula chakula cha kisasa."

Binti yangu akasema kwa adabu, "Baba, mwalimu alituambia chakula kipya huanzwa kidogo kidogo."

Nami nikamjibu, "Mimi ndimi nifanyaye kazi katika afisi ya kilimo."

Jumatatu asubuhi tuliwakuta wawili wamekufa, na wengine wanaharisha, wamejikunyata pembeni, matumbo yamefura. Kufika Jumatano walikuwa wamekufa 5. Walibaki 3. Jioni hiyo niliona daftari la mtoto juu ya meza, nikalifungua. Alikuwa ameandika hesabu ya waliokufa, na chini yake maneno haya tu: "Chakula kilibadilishwa Jumamosi." Hakuandika ni nani aliyekibadilisha. Ndugu zangu, ingekuwa afadhali kama angeandika jina langu.

Sikulaumu duka, maana chakula kile hakikuwa na kasoro. Kilikuwa kikavu, safi, na tarehe yake ilikuwa haijapita. Wale 3 waliobaki walikula gunia lile lile baadaye, wakanenepa. Waliokufa niliwaua mimi kwa haraka yangu. Basi tujifunze sababu yake, ili kosa langu liwafae wengine.

TUMBO LA SUNGURA LILIVYO

Kwanza tujue ni mnyama gani. Sungura wa hadithi zetu, yule mjanja amshindaye fisi, ni mnyama wa porini wa nchi hii. Huishi juu ya ardhi, na watoto wake huzaliwa wana manyoya na macho wazi. Huyu wa kibandani ni wa ukoo mwingine. Asili yake ni nchi za Hispania na Ureno, huko huchimba mashimo, na watoto wake huzaliwa uchi na vipofu. Jina ni moja lakini wanyama ni wawili. Kwa hivyo usiseme, "Sungura ni mjanja, atajua mwenyewe la kula na la kuacha." Huyu wa kibandani hali alipendalo, hula ulilomtilia.

Ng'ombe huchachusha majani katika tumbo lake kubwa la mbele. Sungura hufanya kazi hiyo upande wa nyuma. Mahali utumbo mwembamba unapokutana na utumbo mpana ana mfuko mkubwa, mfano wa gunia lililofungwa upande mmoja. Ndani yake mna vijidudu vingi mno visivyoonekana kwa macho, navyo ni vijidudu vyema. Ndivyo vinavyovunja majani magumu na kuyageuza kuwa chakula. Usiku, au wakati ametulia, sungura hutoa mavi laini yaliyoshikamana kama kishada kidogo, na huyala pale pale yatokapo. Mtoto akiona hivyo asimfukuze wala kumchukia. Hayo si uchafu kwake, ni chakula cha mara ya pili, na ndimo apatamo vitamini na nguvu.

Sasa, vijidudu vile huzoea kazi yao. Vikizoea nyasi, huvunja nyasi. Ukimtia sungura ghafla chakula chenye wanga mwingi, kama vile peleti nyingi, pumba au mahindi, wanga ule hufika katika mfuko kabla vijidudu vyema havijawa tayari. Hapo vijidudu vibaya hupata karamu. Huongezeka upesi, hutoa hewa na sumu, tumbo hufura, na mnyama huharisha. Tena sungura hawezi kutapika. Kikishaingia kibaya, hakirudi kwa njia kiliyoingilia. Na aliye katika hatari kuliko wote ni mtoto aliyeachishwa maziwa karibuni, kwa kuwa tumbo lake bado linajifunza kazi.

Mimi niliwafanyia watoto wale mambo matatu kwa siku moja. Niliwaondoa kwa mama, nikawahamisha nyumba, nikawabadilishia chakula. Hata mtu mzima angeugua.

CHAKULA KIMFAACHO

Kabla ya kusema namna ya kubadilisha, yafaa tukubaliane juu ya chakula chenyewe.

Cha kwanza na kikubwa kuliko vyote ni nyasi, hasa nyasi kavu. Sungura anayefugwa nyumbani, sehemu kubwa ya chakula chake iwe nyasi, naye awe nazo mchana na usiku. Nyasi ndefu husukuma kazi ya tumbo. Tena meno ya sungura hayakomi kuota maisha yake yote, na kutafuna nyasi ndiko kunakoyasaga yasirefuke mpaka yamzuie kula. Nyasi ya Rhodes ambayo wengi wetu tunayo ni nzuri sana kwa kazi hii. Ikate inapoanza kutoa maua, kabla haijakomaa ikawa kama fito, uianike siku 2 au 3 ukiigeuza, kisha uiweke juu ya uchaga mahali pasiponyesha. Kasha la mbao na kamba ya katani vyatosha kuishindilia na kuifunga mafungu.

Cha pili ni majani mabichi. Majani ya viazi vitamu, kishona nguo, sukuma wiki kiasi, na magugu mengine ambayo mtoto ameshayajua. Yasiwe na umande wala matope, na yasiwe yamenyunyiziwa dawa ya wadudu. Kabichi isiwe nyingi, maana huleta hewa tumboni. Karoti ni tamu na ina sukari. Picha za vitabu huonyesha sungura na karoti kila mara, lakini karoti impasayo ni kipande kidogo kama zawadi, si sahani nzima. Majani yake yamfaa kuliko mzizi wenyewe.

Cha tatu ni peleti. Hizi ni nzuri, lakini ni kitoweo, si ugali. Sungura mzima anayefugwa kwa kupendwa tu, asiyezaa wala kunyonyesha, zamtosha gramu 25 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Wa kilo 3 basi apate gramu 75. Jike anayenyonyesha na watoto wanaokua huhitaji zaidi. Wala usimpe chakula cha kuku badala ya peleti. Kile ni cha mnyama mwingine, nyuzi zake ni chache, na pengine kimetiwa dawa za kuku.

Cha nne ni maji. Wako watu wanaosema sungura hanywi maji. Si kweli hata kidogo. Sungura wa kilo 3 aweza kunywa vikombe viwili vidogo kwa siku, na anayenyonyesha hunywa zaidi sana. Akikosa maji huacha kula, na akiacha kula tumbo husimama.

Viko vitu ambavyo asipewe kabisa. Usimpe majani ya viazi mbatata, wala viazi vilivyogeuka kijani, wala majani ya nyanya, wala majani ya mparachichi, wala maharagwe mabichi yaliyokauka. Juu ya yote, asipewe kitu chenye ukungu. Wengi wetu tuna tabia ya kusema, "Mahindi haya yameoza, wape sungura." Ukungu wa mahindi una sumu, iitwayo sumukuvu. Mwaka 2004 sumu hiyo ilileta maafa makubwa upande wa Ukambani. Watu 317 waliugua, na 125 kati yao wakafa. Kilichoua mtu mzima hakiwezi kuwa chakula cha mnyama wa kilo 3.

NAMNA YA KUBADILISHA

Hapa ndipo penye shauri langu lenyewe, nami naomba mlishike.

Chakula kipya kiingie kwa siku zisizopungua 7, na siku 10 ni bora zaidi. Pima chakula chote cha siku kwa kikombe kimoja. Siku ya 1 hadi ya 3, robo iwe kipya na robo tatu cha zamani. Siku ya 4 hadi ya 6, nusu kwa nusu. Siku ya 7 hadi ya 9, robo tatu kipya na robo cha zamani. Siku ya 10 kiwe kipya chote. Siku hizo zote nyasi kavu zisipungue kibandani, maana nyasi ndiyo nguzo, na vingine vyote huegemea hapo.

Ikiwa ni majani mabichi ambayo hajapata kuyala, mpe aina moja tu kwa mara moja, jani moja au mawili, kisha ngoja mpaka kesho. Ukimpa aina tatu mpya pamoja naye akaharisha, hutajua ni lipi lililomdhuru.

Kila asubuhi mtoto na aangalie mavi. Msicheke, hiyo ndiyo barua ya tumbo. Mavi mema ni mviringo, makavu, magumu kidogo, ukubwa kama wa njegere, nayo ni mengi. Yakiwa madogo na machache, au yakiwa laini na kushikamana na manyoya, rudi nyuma hatua moja. Punguza chakula kipya na ungoje siku 2 au 3 kabla ya kuendelea.

Nyakati za kuangalia sana ni hizi. Kwanza, unapomnunua sungura kwa mwingine. Usitoke pale bila kuuliza anakula nini, na uombe kilo moja au mbili za chakula chake uende nazo nyumbani, upate cha kuchanganya. Pili, gunia linapokaribia kwisha. Nunua jipya kabla la zamani halijakauka kabisa, hasa ikiwa unabadili aina. Tatu, mvua zinapoanza. Nyasi changa ya mwezi wa Aprili ni laini, imejaa maji, na sungura aliyekula nyasi kavu tangu Januari huishambulia kwa pupa. Mtilie kidogo kidogo, na inyauke kwanza. Nne, watoto wanapoachishwa maziwa. Waache wale chakula kile kile walichokuwa wakila pamoja na mama kwa wiki moja au mbili, ndipo uanze kubadilisha. Ukiweza, mwondoe mama, uwaache watoto katika nyumba waliyoizoea.

IKIWA AMEKWISHA UGUA

Sungura asiyekula kwa nusu siku, au anayeharisha majimaji, si wa kungojea kesho. Ondoa peleti na majani mabichi, mwachie nyasi kavu na maji safi, mweke mahali pakavu penye joto, na umwite daktari wa mifugo. Si kila kuharisha hutokana na chakula. Uko ugonjwa wa koksidia ambao huwapata sana watoto wa sungura katika vibanda vichafu, nao una dawa yake, na mwenye kujua tofauti ni daktari.

Tafadhali msimpe dawa iliyobaki ya mtu. Dawa kama penisilini na amoksisilini, ambazo huponya watu, sungura akizimeza huua vile vijidudu vyema vya tumbo, na yeye hufa kwa njia ile ile waliyokufa wale wa kwangu.

WANAOSEMA NI MCHEZO WA WATOTO

Mzee mmoja, jirani yangu, aliposikia habari hii aliniambia, "Mwanangu, unaomboleza panya wakubwa? Mpe mtoto kazi ya maana." Namheshimu mzee huyo, lakini katika hili sikubaliani naye, nami nitasema kwa nini.

Skimu nyingi zilianza mwaka 1962 na miaka iliyofuata. Babu zetu walipogawiwa vipande vyao, mtu aliweza kusimama mlangoni asione mwisho wa shamba lake. Leo kipande kile kimegawiwa wana, na wana wamewagawia wajukuu. Wengi wetu tuna ekari moja au mbili, na wengine hawana hata hiyo. Mtoto wa leo hatarithi malisho. Kama ataishi kwa ufugaji, ataishi kwa akili ya kulisha mnyama mahali padogo, kwa kipimo, kwa kumbukumbu, na kwa macho yaonayo mabadiliko mapema. Hiyo yote ndiyo mtoto huyo anayojifunza nyuma ya jikoni. Kama sungura ni mchezo, basi ni mchezo ufundishao kazi. Samaki mkunje angali mbichi.

Tena fikirini, kosa nililolifanya kwa sungura ni dogo kwa mfuko wangu. Lakini ni kosa lile lile linaloua ng'ombe. Ng'ombe aliyezoea majani, akavunja ghala usiku na kushiba mahindi, tumbo lake hugeuka asidi, naye aweza kufa kabla ya siku mbili kwisha. Ng'ombe mwenye njaa akiachiliwa asubuhi katika luseni changa yenye umande hufura ubavu wa kushoto, na usipowahi utamkuta amelala. Ng'ombe aliyezaa jana akipewa debe zima la chakula cha maziwa kwa kuwa mwenyewe ana haraka ya maziwa, huugua badala ya kukamuliwa. Sheria ni moja: tumbo hulijua la jana, la leo lazima lifundishwe. Mtoto aliyeijua sheria hii kwa sungura, hataivunja kwa ng'ombe wa thamani ya nyumba.

Wako na wengine, hasa vijana wenye simu na mambo mengi, wanaosema kinyume. Wao husema majani ni ushamba, na kwamba sungura wa kisasa ale peleti peke yake. Hao ndio niliokuwa miongoni mwao. Nawaambia kuwa gunia si maendeleo. Maendeleo ni kujua kilichomo ndani ya gunia, na mnyama gani, na kiasi gani, na kwa siku ngapi. Mwenye nyasi zake kavu uchagani na kikombe cha kupimia mkononi ameendelea kuliko mimi niliyekuja na gunia mabegani.

Na wako watakaosema hawana wakati. Ndugu, kazi hii ni ya dakika kumi asubuhi na robo saa jioni, na mwenye wakati huo yumo nyumbani mwako tayari. Mpe mtoto daftari la kurasa chache na kalamu. Aandike tarehe, chakula, kiasi, na hali ya mavi. Akiwa katika chama cha 4-K shuleni, apeleke daftari lake huko, wenziwe wajifunze. Kisha, hili ndilo kubwa, wewe mzazi ulisome daftari lile kabla hujabadilisha neno lolote kibandani.

Maana nataka kusema wazi. Pale nyumbani kwangu mtaalamu alikuwapo. Alikuwa na miaka 11, alikuwa na kumbukumbu ya kila siku, na alisema neno la kweli kwa adabu. Kilichokosekana ni mtu mzima wa kumsikiliza. Sisi wa afisi hulalamika kwamba wakulima hawasikii mashauri. Lakini siku ile mimi wa afisi ndiye nisiyesikia, na wakulima wangapi wametuambia neno la kweli tukawajibu kwa cheo?

Basi niliyafanya haya. Nilimwita binti yangu, nikamwambia mbele ya mama yake kwamba kosa lilikuwa langu, na kwamba kuanzia siku hiyo chakula cha sungura ni amri yake. Hakusema kitu. Alichukua kikombe, akapima robo ya peleti, akaweka nyasi kavu juu, akawapelekea wale 3 waliobaki. Siku ya 10 walikuwa wakila peleti kipimo chao kamili, na mavi yao yalikuwa mviringo kama njegere. Ameyaandika yote.

Juzi nilileta gunia jingine, la aina tofauti na lile la kwanza, kwa sababu la kwanza halikupatikana dukani. Nililiweka chini mlangoni, sikulifungua. Nilimuuliza, "Tuanze lini?"

Akafungua daftari, akahesabu siku kwa kidole, akasema, "Lile la zamani limebaki la siku 12, baba. Tuanze kesho kutwa."

Nasi tulianza kesho kutwa.

Ni mimi mwenzenu,
Karani wa Afisi ya Kilimo